Siku Niliyopiga Reli ya Tembo

Naanza na aibu yenyewe ili tusizungushane. Mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, nikiwa nimevaa koti la suti kwenye jua la Mikumi, niliisimamisha sherehe ya shule yangu ya msingi mbele ya wazazi, walimu, wanafunzi na ofisa wa elimu kutoka wilayani, nikawakimbiza watu kutoka mashambani, nikalifukiza pilau la wageni moshi wa pilipili, nikawaita askari wa wanyamapori waje na gari lao, na yote hayo niliyafanya kwa mkono wangu mwenyewe huku nikitabasamu. Sikusukumwa na mtu. Sikuwa nimelewa (sinywi). Nilikuwa na akili zangu zote, na ndiyo maana inauma.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa cherehani pale Kilosa mjini, na sisemi kushona, nasema kuzitengeneza mashine zenyewe zinapogoma. Niliishia darasa la saba. Jina langu halikutoka kwenye orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari, nikashika bisibisi, na kuanzia hapo yote ninayoyajua nimejifunza peke yangu, kwa vitabu vya mitumba, kwa redio, na kwa tabia moja ambayo mke wangu anaiita ugonjwa: kila ninachokisoma nakiandika kwenye kadi ninazokata kutoka kwenye maboksi ya nyuzi, nazipanga kwa herufi, nazifunga kwa raba. Ukiniuliza sindano ya mashine fulani inakaa upande gani, sikujibu kwa kukisia. Nakwenda kwenye kadi.

Basi miaka mitatu nilikuwa naandika historia ya shule yetu. Hakuna aliyenituma. Shule iko kijijini kwetu, kando ya hifadhi, ukishuka Mikumi mjini unachukua bodaboda, na kila nilipopata nafasi nilikwenda, nikaomba daftari la matukio, nikaomba madaftari ya zamani ya mahudhurio yaliyotafunwa na mchwa, nikakaa ofisini nikinakili. Nikawahoji wazee sita. Na ninawaambia, kuna siku nilifunga daftari nikatoka nje kuvuta pumzi, maana sikujua kama kitu kidogo vile kingeweza kubeba mambo makubwa vile.

Shule ilianza kama banda la nyasi la watoto wa vibarua wa mkonge. Mwalimu mmoja, madarasa mawili, hakuna daftari hata moja: watoto walichuchumaa kwenye mistari wakaandika kwa kidole mchangani, mwalimu akapita akasahihisha, kisha akafuta kwa unyayo wake, na somo likawa limekwisha, limebaki kichwani au halikubaki. Fikiria mtu anayejifunza kuandika jina lake huku akijua litafutwa kwa mguu baada ya dakika tano. Baadaye vikaja vibao, kuta za matofali, na enzi ya kuimba kwa pamoja, ma me mi mo mu, mwalimu na fimbo yake akigonga ubao na sauti za watoto zikisikika hadi relini. Ikaja elimu ya kujitegemea, shule ikawa na shamba la pamba, mizinga na mbuzi, na hesabu zikafundishwa kwa kupima matuta kwa kamba (mimi mwenyewe eneo la mstatili nililielewa nikiwa na jembe mkononi, na sijalisahau). Ikaja miaka ya watoto wengi kuliko madawati, zamu mbili kwa siku, wa darasa la sita wakiwafundisha wa darasa la kwanza kwa sababu mwalimu hakuweza kugawanyika. Mwisho ikaja hii njia ya sasa ya sauti za herufi, makundi, na vitendo.

Kurasa thelathini na nane, zimepigwa chapa, zimebanwa, zina jalada gumu. Kamati ya shule ilikubali kwamba siku ya sherehe ya kumbukumbu ya shule nisome sehemu yake kwa dakika kumi na tano, halafu wanakamati wakutane mchana uleule waamue kama kitabu kiingie shuleni kisomwe na wanafunzi, au nirudi nacho Kilosa. Wengine mtaona ni jambo dogo. Mimi nilikuwa mtoto aliyesimama kwenye ubao wa matangazo akisoma orodha mara tatu akitafuta jina ambalo halikuwepo. Nilitaka jina hilo lirudi pale likiwa limeandikwa juu ya kitu.

Sasa uamuzi wenyewe mdogo.

Nje ya ofisi ya mwalimu mkuu kimening'inia kipande cha reli. Alikileta marehemu babu yangu, ambaye alikuwa kibarua wa reli Kilosa, na kwa miaka mingi ndicho kilichokuwa kengele ya shule. Siku ile nilipofika asubuhi niliona vipindi siku hizi vinapigiwa kakengele kadogo ka mkononi, kama ka kanisani, na reli imebaki imening'inia tu. Iliniuma. Tena ukutani pale jirani na reli watoto walikuwa wamechora tembo kwa chaki, tembo mwenye miguu mitano (au mmoja ulikuwa mkonga), pembeni yake nukta nyingi zimefuatana, chini yake maduara matatu makubwa yaliyoachana. Nikatikisa kichwa. Nikajisemea, kumbe reli ya babu imegeuzwa mahali pa kuchorea michezo.

Zamu yangu ilipofika nilisoma vizuri, nakiri. Chini ya turubai watu walinyoosha shingo kunisikiliza. Mgeni rasmi, mama mmoja mpole aliyetoka wilayani, alikuwa ameacha hata kujipepea. Nikafika ukurasa wa kumi na nne, panapoelezwa kwamba wakati wa kujitegemea reli ikipigwa mfululizo madarasa yote yanatoka na majembe kwenda shamba, na ikipigwa mara tatu taratibu maana yake kazi imekwisha, rudini. Ningesoma hivyo hivyo, nikafungua ukurasa wa kumi na tano, na leo ningekuwa nasimulia habari nyingine. Lakini nilitazama nyuso zile nikaona zinastahili zaidi ya maneno. Nikaweka kitabu kwapani, nikasema kwenye kipaza sauti, "Badala ya kuwaelezea, ngoja niwasikilizishe," nikashuka jukwaani, nikatembea hadi kwenye reli, nikachukua nondo iliyokuwa imeegemezwa ukutani, nikaanza kupiga.

Sauti ile jamani. Ilikuwa ileile, kali halafu nzito, inakuingia kwenye meno. Nikapiga mfululizo, na kwa jicho la pembeni nikaona mwalimu mkuu, Mwalimu Mgaya, amesimama ghafla akaninyooshea mikono yote miwili, viganja mbele. Nikaelewa kwamba ananiomba niongeze. Nikaongeza. Kisha nikaona wanafunzi wote wameinuka kwa pamoja, bila kuambiwa, bila kelele, wakubwa wakiwashika wadogo mikono, wakajipanga mistari miwili wakaanza kuondoka uwanjani. Wazazi nao wakainuka. Wazee wakavua kofia (baadaye nilijua walizivua ili zisidondoke wakikimbia). Nikajisemea, kweli reli haisahauliki, shule nzima imesimama kwa heshima. Machozi yakanilengalenga. Nikabadilisha mkono ili nipige vizuri zaidi.

Aliyeniondoa kwenye ndoto hiyo ni Zena. Zena tulisoma naye darasa moja, siku ile alikuwa mkuu wa jiko, na alikuja anakimbia na mwiko mkononi.

"Athumani, wako upande gani?"

"Kina nani?"

"Tembo."

"Tembo gani?"

"Wewe ndiye unayepiga, halafu unaniuliza mimi?"

Nikasimamisha nondo. Zena akaniangalia usoni, akaangalia koti langu, akaangalia kitabu kwapani, na nikaona jinsi jambo lilivyokuwa linamwingia polepole.

"Usiniambie ulikuwa unatumbuiza," akasema.

Akanieleza kwa maneno machache, maana hakuwa na muda na mimi. Tangu tembo waanze kutoka hifadhini na kupita mashambani, tena wiki iliyopita mchana kweupe, kijiji na shule walikubaliana kwamba reli haipigwi tena kwa vipindi. Reli ni ya tembo. Mfululizo maana yake wameonekana. Anayesikia shambani anakuja na debe, anayesikia nyumbani anaita watoto, wafugaji wanatoa ng'ombe njiani, na wapishi wakiwa na moto wanautia tofali la pilipili, tofali linalofinyangwa na wanafunzi kwa kinyesi cha ng'ombe na pilipili kavu iliyosagwa, kwa sababu tembo hawezi kabisa moshi wake.

"Umetia?" nikamuuliza.

"Nimetia manne. Nimesikia unapiga kwa nguvu, nikajua ni kundi."

Hapo ndipo mtu mwenye busara angemfuata mwalimu mkuu akasema kosa lake kwa mdomo. Mimi nikafikiri kwa utaratibu, kama kawaida yangu. Nikawaza: nimetoa ishara isiyo sahihi, basi nitoe ishara ya kuifuta, na ishara hiyo ninayo, imeandikwa ukurasa wa kumi na nne. Kabla Zena hajanidaka mkono nikapiga mara tatu, taratibu, nikiachanisha.

Zena akafumba macho.

"Sasa umesema wamo ndani ya uzio wa shule," akasema. "Ingia darasani, mwanaume, kabla hujasema na jingine."

Ndipo nikakumbuka ile picha ukutani. Nukta nyingi zilizofuatana. Maduara matatu yaliyoachana. Watoto walikuwa wameandika maelekezo yote pale, tena karibu na kengele kabisa, na mimi, msomaji wa madaftari yaliyoliwa na mchwa, nilipita nikatikisa kichwa.

Upepo siku ile ulikuwa unatoka jikoni kwenda kwenye turubai. Sitaeleza sana. Moshi wa pilipili hauna rangi ya kutisha, unakuja kama moshi wowote, halafu koo linafunga na macho yanakuwa si yako. Mshereheshaji alijaribu kusema kitu kwenye kipaza sauti, kikatoka kikohozi, kikatangazwa kijiji kizima. Mgeni rasmi aliinuka akipapasa hewa, na kabla mtu mzima yeyote hajamfikia, wasichana wawili wa darasa la sita walimshika mikono, mmoja huku mmoja huku, wakampeleka darasa la kwanza kana kwamba ni kazi yao ya kila siku. Nami nikafuata, machozi yakinitiririka, nikiwa sijui kama ni moshi.

Mlangoni alisimama mtoto wa darasa la pili, kachukua chaki, kila anayeingia anampigia mstari ubaoni. Ng'washi ndilo jina lake, wazazi wake ni wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa. Mkono wake wa pili ulikuwa na kopo la visoda, vifuniko vya chupa za soda.

"Shikamoo babu."

"Marahaba." (Babu. Nina miaka hamsini na mbili.)

"Chukua kisoda. Kitie kwenye ndoo ile. Halafu kaa chini, usisimame dirishani."

Nikachukua, nikakaa. Dawati la darasa la kwanza si la mtu mwenye koti. Pembeni yangu alikaa mgeni rasmi, magoti yamemfika kidevuni, anafuta macho kwa leso. Mwalimu wa darasa, Mwalimu Neema, binti mdogo anayeweza kuwa mwanangu, hakupaza sauti hata mara moja. Alifunga mlango akasema tu, "Hesabu," na watoto wanne wakamwaga ndoo sakafuni wakapanga visoda mafungu ya kumi kumi, mikono inakwenda haraka kama ya muuza karanga, wengine wawili wakahesabu mistari ubaoni, na ndani ya muda ambao mimi ningekuwa bado natafuta miwani, Ng'washi akatoa taarifa.

"Mwalimu, waliopita mlangoni sabini na mmoja. Visoda sabini. Kuna mmoja kaingia halafu haonekani kwenye ndoo."

Mwalimu Neema akabadilika rangi. Akaanza kupitisha macho kwenye vichwa vya watoto wa awali, mmoja mmoja, midomo ikicheza. Na mimi nilikuwa najua kwamba hakuna tembo. Katika chumba kile nilikuwa mtu pekee aliyejua, na nilikaa kimya, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa ubavuni kwangu na nilikuwa bado nategemea, sijui nini, labda sherehe iendelee bila mtu kujua nani alipiga. Hiyo ndiyo sehemu ninayoionea aibu kuliko moshi. Lakini uso wa binti yule ulinishinda.

"Mwalimu," nikasema, "tembo hawapo. Mtoto hayupo hatarini. Mimi ndiye niliyepiga reli, nilikuwa naonyesha zamani ilivyokuwa."

Nilitegemea afungue mlango. Hakufungua.

"Umekwenda kuangalia kwamba hawapo, Fundi?"

"Sikwenda, lakini—"

"Basi hujui. Umepiga bila kuwaona, haina maana hawapo. Tunasubiri filimbi ya mwalimu wa zamu akitoka kuzunguka uzio." Kisha akawageukia watoto. "Hebu tutafute kisoda kwanza, kabla hatujatafuta mtu. Nani bado anacho?"

Watoto wakafungua viganja. Mgeni rasmi akafungua viganja. Nami nikafungua vyangu, vitupu, nikiwa na hakika kabisa, mpaka mtoto mmoja wa awali aliyekuwa miguuni pangu akanyoosha kidole kwenye mfuko wa koti langu. Mimi kila kitu kidogo ninachopewa nakitia mfukoni, skrubu, kifungo, kipande cha karatasi, ni mkono tu unafanya. Kisoda cha sabini na moja kilikuwa humo.

Nikakipeleka kwenye ndoo mwenyewe. Watu sabini walinitazama nikitembea hatua saba na kurudi. Mgeni rasmi akainamisha uso ndani ya leso, mabega yanatikisika, na safari hii haukuwa moshi.

Nikasema labda imekwisha. Haikuwa imekwisha, kwa sababu watoto wa awali walianza kulialia, na Mwalimu Neema akamwambia Ng'washi awasomee chochote wakati tunasubiri. Kabati la vitabu lilikuwa upande wa pili wa umati. Kitabu kilichokuwa karibu ni kimoja, kilikuwa kwapani mwangu.

"Babu, naomba."

Nikampa. Ningefanya nini? Akakigeuza, akaangalia jalada, akafungua mwisho.

"Nasoma panaposema habari za sasa," akasema, "za zamani watalala."

Ukurasa wa thelathini na nane. Niliuandika Kilosa, usiku mmoja, nikiwa nimechoka na nataka kumaliza. Kurasa zote nyingine nilizifanyia kazi. Ule niliuandika kwa yale niliyoyasikia kwenye mabenchi ya mafundi na wateja. Mtoto akasoma, na sikiliza alivyosoma: hakuimba kama tulivyoimba sisi, alikuwa anakutana na neno refu anapunguza mwendo kidogo, midomo inalikusanya, halafu analitoa zima, na sauti yake inapanda na kushuka panapostahili. Mimi nilipata kusoma namna ile nikiwa darasa la tano. Yeye wa darasa la pili alisoma hivi, bila kukosea hata mahali pamoja:

"Watoto wa siku hizi wanacheza na visoda darasani. Kusoma kwenyewe hawajui."

Akarudia mstari kwa macho.

"Mwalimu, ni sisi?"

"Muulize mwandishi," akasema Mwalimu Neema. "Si huyo hapo."

Ng'washi akanigeukia. Hakukasirika, na hilo ndilo lilinimaliza. Alitaka kujua tu.

"Babu, uliwaona wapi hao?"

Nina kadi zaidi ya elfu mbili nyumbani na hakuna hata moja iliyonisaidia.

"Sikuwaona," nikasema. "Niliambiwa."

"Aa." Akaonyesha ukutani nyuma yangu. "Basi inakwenda kule."

Nikageuka. Ukutani kulikuwa na karatasi kubwa ya manila yenye safu mbili. Juu ya moja wameandika TUMEONA, juu ya nyingine TUMEAMBIWA. Kwenye ya kwanza: nyayo tatu karibu na kisima, kinyesi kipya njia ya mtoni, mti wa fenesi umevunjwa, kila kimoja na siku yake na jina la mtoto aliyeona. Kwenye ya pili: kundi la ishirini ng'ambo, tembo mweupe, tembo anayejua kufungua mlango. Mwalimu Neema akanieleza kwa sauti ya chini kwamba hilo ndilo somo lao muhula huu, ndani yake wanasoma, wanaandika, wanahesabu, na utaratibu wote wa reli, visoda na mistari ya mlangoni ulibuniwa na makundi ya watoto, walimu walirekebisha kidogo, kijiji kikaukubali.

Nilikaa nikiitazama karatasi ile. Najua mnadhani nitasema niliona aibu, na kweli niliiona, lakini kilichonijaa zaidi ni kitu kingine, kile kilichonitoa ofisini kuvuta pumzi niliposoma habari za watoto wa mchangani, ila safari hii kilikuwa hai, kina miguu ya vumbi na kamasi, kimekaa mbele yangu. Miaka thelathini na zaidi nimejifundisha peke yangu kupanga ninachokijua. Hakuna siku niliwahi kutenga nilichokiona na nilichoambiwa. Watoto wa miaka saba walikuwa wanafanya hivyo kabla ya uji wa saa nne.

Filimbi ililia. Tulipotoka uwanjani tulikuta wanaume wa kijiji wamejaa na madebe na mijeledi, jasho linawatoka, na wengine walikuwa wamekuja kutoka mashamba ya mbali sana, na gari la askari wa wanyamapori ndiyo kwanza lilikuwa linaingia. Mwalimu Mgaya aliwaeleza mwenyewe. Nilisimama pembeni yake nikawaomba radhi watu wote, neno kwa neno, na mzee mmoja mfugaji, amechoka kwa kukimbia, akaniuliza kama hiyo historia yangu ina kurasa nyingine za kupiga, ili ajue kama akae au arudi kwa ng'ombe wake. Watu wakacheka. Wakala pilau wakipiga chafya. Zena alinipakulia akasema nisilete lawama za chumvi.

Kamati ilikutana katika darasa lilelile. Niliitwa baada ya nusu saa, na Mwalimu Mgaya alikuwa na kitabu changu mezani.

"Fundi, tumekubaliana," akasema. "Kurasa thelathini na saba zinaingia. Zitasomwa. Huu wa mwisho tumeutoa."

Aliutoa kweli, kwa wembe, kwa unadhifu, na mahali pake palikuwa pamebandikwa karatasi tupu.

"Tungeweza kumpa Mwalimu Neema akuandikie," akaendelea, "ila yeye kakataa. Kasema aliyekosea ndiye anayesahihisha, ndivyo anavyowafundisha."

Kwa hiyo sasa kila Alhamisi nafunga kibanda Kilosa, napanda basi la asubuhi, nakaa nyuma ya darasa la kwanza kwenye dawati linaloniumiza magoti, na naandika kwa penseli yale tu yanayotokea mbele ya macho yangu. Nimeapa mambo mawili. La kwanza, sitaandika tena habari za darasa ambalo sijakaa ndani yake hadi kengele ilie. La pili, chuma chochote kilichoning'inia popote nchini, hata kama alikitundika babu yangu, sikigusi kabla sijauliza wenyeji kinasemaje. Kazi inakwenda polepole. Juzi nilimwonyesha Ng'washi nilipofikia, akasoma yote, akanirudishia akisema sentensi mbili za mwisho nilimsikia mwalimu akizisema, sikuziona. Nikazifuta.

Imebaki sentensi moja. Inasema kwamba siku ya sherehe, reli ilipopigwa kwa makosa, wanafunzi wa chumba nilichoingia walihesabiana kwa mistari na visoda, na hakupotea hata mmoja. Hiyo niliiona.